Baiti Nane za Mwisho

Kopo la siagi, matundu mawili ya msumari wa moto,
chipu niliyoinunua Mtaa wa Aggrey
kwa bei ya sahani ya chipsi mayai,
kipimajoto chenye waya mwembamba kama mguu wa mbu.
Nikaliweka kwenye friji ya zahanati, Kibonde Maji,
rafu ya kati, nyuma ya chanjo za surua.

Muuguzi Siwema akauliza, "Hiki kinajua saa?"
Hakijui. Kinahesabu tu.
Kila dakika kumi kinaamka, kinaonja baridi,
kinaandika namba moja, kinalala.
Luku ikiisha hakina habari:
kilichoandikwa kimeandikwa,
kama chale.

Hesabu niliipiga nyuma ya risiti ya maji.
Kumbukumbu yake yote, baiti elfu moja ishirini na nne.
Nyuzi nne nukta moja naiandika arobaini na moja,
nukta naimeza, baiti moja inatosha.
Mia moja arobaini na nne kwa siku, mara siku saba,
elfu moja na nane.
Zinabaki kumi na sita.
Nane nikazipa tarehe ya kuanzia na alama ya nilipofikia.
Nane nyingine sikuwa na la kuzifanyia.
Zikakaa tupu, kama viti vya mbele harusini
wenyewe hawajafika.

Jumatatu nikaja na kompyuta, waya shingoni.
Siwema akasogeza daftari la kliniki, akanipisha meza.
Namba zikaanza kuteremka kiooni:
arobaini na moja, arobaini na moja, arobaini,
arobaini na mbili,
wiki nzima ya baridi ikimwagika
kwa dakika moja kasoro.
Ndipo, sitini na nane.
Hamsini na tano. Arobaini na sita. Ikatulia.
Nikahesabu kurudi nyuma kwa vidole:
saa moja jioni.
Tena saa kumi na moja alfajiri.
Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa. Mtondo. Mtondogoo.
Hata Jumapili.

Zahanati hufungwa saa tisa na nusu.
Usiku funguo anazo mtu mmoja.

Nandonde hakukana.
Alifungua mlango wa friji mwenyewe,
akapitisha mkono nyuma ya pepopunda
akatoa kichupa ndani ya soksi ya mtoto.
"Kwangu kuna mtungi," akasema. "Mtungi haufiki baridi hii."
Akapandisha shati la ulinzi, inchi mbili,
tukaona vidoa vya sindano.
"Nilikuwa nafungua haraka."

Na haraka yake ilikuwemo, imeandikwa:
namba haikugusa themanini hata siku moja.

Siwema akanitazama. Mimi nikaitazama kompyuta.
Ukutani karatasi, mwandiko wa Siwema mwenyewe:
FRIJI HII NI YA CHANJO TU.

Ripoti ilikwenda wilayani jinsi ilivyo,
vilima vyake vyote kumi na vinne. Sikusawazisha kitu.
Kipimo kikidanganya mara moja
hakipimi tena, ni pambo.
Kwenye safu ya maelezo Siwema akaandika neno moja, "mlango",
kisha akasogeza boksi la polio, upana wa kiganja.
Hakusema nafasi ile ni ya nini.

Kabla sijairudisha hesabu mwanzo
nikazikumbuka zile nane.
NANDONDE. Herufi nane, linaenea.
INSULINI. Nane vile vile.
Vidole vikasita.
Jina lingekaa mle likimsubiri
siku mtu mwingine atakapochomeka waya.
Sababu haina kitambulisho.
Nikaandika sababu,
mwisho kabisa, mahali programu yangu haisomi
na wiki mpya haifiki kufuta.

Nikafunika kopo.
Dakika kumi.
Arobaini na tatu.
Dakika kumi.
Arobaini na moja.